Nani Alianza Kuuza Mwanzo wa Foleni ya Ndege?

Kimya kimekuwa kirefu, najua, kazi za wateja zimenibana. Leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumze historia, ingawa mbele ya safari mtaona kwamba msimbo tunao tu, hatujauacha.

Swali langu ni hili. Ukinunua tiketi ya ndege mtandaoni, kabla hujalipa, tovuti nyingi zinakuuliza kama ungependa kuongeza pesa kidogo ili uitwe kupanda mapema. Ndege ni ile ile. Inaondoka saa ile ile, na inafika na wote, aliyelipa na asiyelipa. Sasa mtu analipia nini hasa?

Kwetu Kabati (nazungumzia Kabati ya Kitui, iliyo kwenye barabara ya kutoka mjini Kitui kwenda Migwani na Mwingi, siyo ile ya Murang'a) ukimwambia makanga kwamba duniani kuna watu wanalipia kuingia garini kwanza, atacheka hadi ashike mlango. Matatu ya steji haina saa ya kuondoka, inaondoka ikijaa. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, Nissan iliwekewa kikomo cha abiria 14. Kwa hiyo anayeingia wa kwanza anawasubiri wenzake 13, jua likimchoma kupitia kioo na wauza njugu wakimbishia dirishani. Anayeingia wa mwisho haketi hata dakika mbili kabla gari halijang'oa. Kila mtu anaijua hesabu hii. Ndiyo maana watu husimama kando wakijifanya hawasafiri, na ndiyo maana kwenye steji nyingi wapo vijana wanaolipwa wakae ndani ili gari lionekane limekaribia kujaa. Abiria wa kweli akija, kijana anashuka. Yaani huku anayelipwa ni yule anayepanda kwanza! Nafasi yenye thamani ni kiti cha mbele kando ya dereva, na hicho ni cha aliyewahi au cha anayejuana na dereva.

Ndege ina ratiba, na mara nyingi tiketi ina namba ya kiti. Kwa mantiki hiyo kupanda kwanza kusingekuwa na bei kabisa. Ili kitu hicho kiuzike ilibidi kwanza kiwe haba. Historia ya uhaba huo ni fupi na mimi naiona tamu, kwa sababu katikati yake kuna tovuti ndogo iliyoshtakiwa mahakamani.

Tuanzie Texas. Tarehe 18 Juni 1971 shirika la Southwest lilianza kuruka na ndege tatu aina ya Boeing 737, kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata pesa zikawa ngumu na likauza ndege moja, lakini halikutaka kupunguza safari. Likajifunza kushusha abiria, kupakia wengine na kuondoka kwa dakika kama 10. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kutowapa watu namba za viti. Unaingia, unakaa popote palipo wazi, kama kwenye matatu. Mtu anayejua kwamba akichelewa atabanwa kiti cha katikati hahitaji kusukumwa.

Kwa miaka mingi Southwest lilitumia kadi za plastiki zenye namba. Ukifika mapema uwanjani unapewa kadi ya namba ndogo, ukiingia ndegeni unairudisha, kesho inatumiwa na mwingine. Hiyo kwa lugha yetu ya kompyuta ni foleni ya kawaida kabisa: wa kwanza kuja, wa kwanza kuhudumiwa. Malipo yake ni muda wako. Tajiri na maskini wote wana saa 24 kwa siku, kwa hiyo foleni ya aina hii ina haki yake fulani, hata kama inachosha miguu.

Kadi za plastiki zilistaafishwa mwaka 2002, kompyuta ikachukua kazi ya kugawa makundi A, B na C. Kisha ikawezekana kuthibitisha safari mtandaoni, kuanzia saa 24 kabla ya ndege kuondoka. Hapo foleni ikahama kutoka uwanjani ikaingia kwenye seva. Badala ya kuamka alfajiri kukimbilia uwanja wa ndege, watu sasa walikaa mbele ya kompyuta wakihesabu sekunde ili wabofye pale tu saa 24 zinapofika. Aliyewahi alipata A. Aliyekuwa kazini, shambani au usingizini alipata C.

Mnajua kitakachofuata. Palipo na foleni ya kubofya, mtu atajitokeza abofye kwa niaba ya wengine. Kufikia mwaka 2006 kulikuwa na tovuti iliyoitwa BoardFirst. Unaipa jina lako na namba ya uthibitisho ya tiketi, yenyewe inaingia kwenye tovuti ya Southwest saa ikifika na kukutafutia kundi A. Bei dola 5. Ikishindwa kukupatia A, hulipi. Kinachonifurahisha ni kwamba hapakuwa na roboti yoyote ya ajabu, kazi ilifanywa na watu kwa mkono, kama anavyofanya kijana wa saiba anayekujazia fomu.

Southwest liliishtaki mahakamani Dallas. Hoja iliyoshinda haikuwa ya udukuzi. Ilikuwa masharti ya matumizi ya tovuti, yale maandishi marefu ambayo sisi sote tunayapita bila kusoma: yalikataza kuitumia tovuti kwa biashara ya mtu mwingine. Septemba 2007 mahakama iliamua kwamba BoardFirst ilikuwa imevunja mkataba, ikaizuia kuendelea. Kesi hiyo bado hutajwa watu wanapobishana kama masharti ya tovuti yanamfunga anayeitumia.

Sasa angalieni kalenda. Novemba 2007, miezi miwili tu baada ya hukumu, Southwest lilibadilisha foleni yake. Kila abiria akapewa namba kamili, A1 hadi A60, halafu B, halafu C, na nafasi 15 za mwanzo zikatengewa waliolipa nauli ya juu iliyoitwa Business Select. Septemba 2009 likaleta huduma ya EarlyBird: dola 10, na mfumo unakuthibitishia safari wenyewe saa 36 kabla ya ndege kuondoka, saa 12 mbele ya umma wote. Yaani ile kazi ya dola 5 iliyozuiwa mahakamani iliuzwa na shirika lenyewe kwa bei mara mbili. Sisemi hukumu ilikuwa mbaya, tovuti ni yao. Nasema tu kwamba BoardFirst ndiyo iliyowafanyia utafiti wa soko, bure.

Kwa fundi wa programu, EarlyBird ni kitu chepesi mno. Ni kazi ya ratiba, ile tunayoiweka kwenye seva iamke saa fulani, ipitie orodha ya waliolipa na kuwapangia namba kabla mlango haujafunguliwa kwa wengine. Hakuna kiti kilichoongezwa wala rubani aliyeajiriwa. Kilichobadilika ni muundo wa data: foleni ya kawaida ikawa foleni ya kipaumbele. Na bei ikapanda. Kufikia 2018 ilikuwa kati ya dola 15 na 25 kulingana na safari.

Southwest halikuwa peke yake. Ulaya, easyJet na Ryanair walikuwa wameshaanza kuuza upandaji wa mapema kabla ya hapo, nao pia kwenye ndege zisizo na namba za viti. Lakini easyJet liligawa viti kwa abiria wote kuanzia Novemba 2012, na bado watu waliendelea kununua nafasi ya kupanda kwanza. Kwa nini, kama kiti chako kinakungoja?

Jibu liko juu ya kichwa chako ukiwa umekaa. Mwaka 2008 bei ya mafuta ilipanda hadi pipa moja likapita dola 140 mwezi Julai. Mashirika yakatafuta pesa kila kona, na tarehe 15 Juni mwaka huo American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalowekwa tumboni mwa ndege. Mengine mengi yakafuata. Abiria naye si mjinga, akaanza kuingia na begi lake ndani. Makabati ya juu ya viti hayakutengenezwa kumeza begi la kila mtu, kwa hiyo waliopanda mwisho walikuta yamejaa na mizigo yao ikachukuliwa mlangoni. Hapo ndipo kupanda mapema kulipopata thamani hata kwa mwenye namba ya kiti. (Ndiyo, ndege nzima inagombania kabati. Mtu wa Kabati siwezi kuliacha hilo lipite.) Ryanair ndilo lililoweka wazi zaidi: kuanzia Januari 2018 aliyelipia kipaumbele tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia na mabegi mawili ndani, na Novemba mwaka huo asiyelipa akabaki na kibegi kidogo cha kuweka chini ya kiti.

Katikati ya mwaka huo huo wa 2008, Jason Steffen, mwanafizikia wa anga aliyekuwa Fermilab, alichapisha makala kuhusu njia ya haraka ya kupandisha abiria. Aliandika programu ya kuiga abiria wanavyopanda, akagundua kwamba kuwaita watu kuanzia viti vya nyuma kuja mbele, jambo linaloonekana la akili, ni karibu na njia mbaya kuliko zote, kwa sababu wote wanazibana sehemu moja ya ujia wakipandisha mizigo. Hata kuwaacha waingie ovyo ovyo ni afadhali. Njia yake inaanza na wa dirishani, kwa kuruka safu, ili kila mmoja awe na nafasi ya kuinua begi. Mwaka 2011 iliyojaribiwa kwa abiria 72 ilichukua dakika kama 3 na nusu, huku kuita watu kwa vikundi vya safu kukichukua karibu 7. Ungedhani mashirika yangeikimbilia. Hayakuikimbilia, na sababu moja kubwa ni rahisi: ukipanga watu kwa hesabu ya dirisha na safu, huna tena mwanzo wa foleni wa kuuza.

Na huku kwetu? Fastjet liliingia Dar es Salaam Novemba 2012, likitumia jina kwa mkataba na kampuni ya mwanzilishi wa easyJet, na liliendesha safari Tanzania hadi 2018. Nairobi, Kenya Airways iliunda Jambojet, iliyoanza kuruka Aprili 2014. Yote mawili yalileta desturi ile ya nauli ndogo na vinginevyo vyote kulipiwa kando. Ila hapa bidhaa ya kwanza ilikuwa mzigo. Nadhani walitusoma vizuri. Msafiri wetu haendi na kibegi cha kompyuta peke yake, anakwenda na gunia la ndengu, asali ya Kitui na maembe ya Makueni. Tena Jambojet ilihamia kwenye ndege za Q400 zenye viti viwili viwili kila upande. Hakuna kiti cha katikati cha kukimbia, na makabati yake ni madogo hata kwa aliyewahi. Kumuuzia mtu upandaji wa mapema humo ni kazi ngumu.

Kinachonisumbua mimi kuhusu foleni ya kipaumbele ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa mifumo ya kompyuta hufundishwa. Ukiwapa wengine kipaumbele bila kikomo, kuna kazi itakayosubiri milele mkiani. Hali hiyo huitwa njaa. Dawa yake inajulikana miaka mingi: kila kazi inavyozidi kusubiri, ipandishe daraja kidogo kidogo. Sijaona shirika linalompandisha daraja abiria kwa sababu alikata tiketi miezi mitano kabla, au kwa sababu safari iliyopita alikuwa wa mwisho. Njaa ya yule wa mwisho ndiyo inayomfanya alipe safari ijayo. Na pesa zake si ndogo. Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani iliripoti Novemba 2024 kwamba mashirika matano yalikusanya dola bilioni 12.4 kwa ada za viti peke yake kati ya 2018 na 2023. Mwezi huo huo American Airlines ilikuwa ikisambaza kwenye viwanja zaidi ya 100 mfumo unaopiga mlio mtu akijaribu kupanda kabla ya kundi lake kuitwa. Mlio! Makanga wetu hajafikia huko.

Southwest lenyewe limeacha desturi yake ya miaka zaidi ya 50. Mei 2025 lilianza kutoza mabegi ambayo kwa miaka mingi lilijivunia kuyabeba bure, na tarehe 27 Januari 2026 likaanza kugawa viti vyenye namba. EarlyBird ikafa, maana hakuna tena kiti cha kukimbilia. Lakini abiria bado wanaitwa kwa makundi, 1 hadi 8, na zikibaki saa 24 kabla ya safari tovuti inakuuliza kama ungependa kulipia uitwe mapema. Mabegi yanalipiwa sasa, na makabati bado yanagombaniwa.