Bandu bandu za Gazi

Leo tuache kidogo mambo ya programu, twende Gazi. Kwa wasioijua, ni kijiji cha wavuvi hapa Kwale, ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni. Msiwe na wasiwasi, kompyuta tutairudia.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za viwandani. Hakuna aliyeamka akasema leo namaliza msitu. Ilikuwa shoka leo, shoka kesho, na wahenga walishasema bandu bandu huisha gogo. Sehemu nyingine zilibaki tupu na mikoko haikurudi yenyewe. Mikoko ikiondoka, samaki wadogo hukosa maficho na pwani hukosa kinga ya mawimbi.

Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo James Kairo, walianza kuipanda upya hapo Gazi. Si kazi ya kupiga picha na kwenda zako. Unangoja maji yatoke, unaingia topeni, unachomeka mche mmoja mmoja. Baadaye unarudi kuhesabu iliyoishi.

Sasa sikilizeni hesabu. Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni wa kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa na mikoko, ulianza 2013. Kutoka 1991 ni miaka 22! Mradi unahusu hekta 117, na mauzo yake ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimesaidia maji na shule, na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Equator ya UNDP. Lakini mnunuzi haioni hewa. Anachokiona ni vipimo: unene wa mashina, ukapimwa na kuandikwa, kisha hesabu ikapigwa. Bila daftari hakuna biashara.

Kilichonigusa zaidi ni mivinje. Mtu ukimkataza mkoko, bado anataka kuni na miti ya kujengea. Kwa hiyo mradi ukapanda mivinje ili watu wapate pa kukata. Tabia ya zamani haikuachiwa hotuba peke yake, ilipewa mbadala.

Haya, turudi kwangu. Digrii ya kompyuta ninayo. Miaka miwili iliyopita nilimtengenezea mzee mmoja mwenye duka programu ya kuweka hesabu. Nikajiahidi kuweka nakala ya akiba kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza nikafanya, ya pili nikafanya, ya tatu kulikuwa na mpira. Diski ilipokufa, nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi minne nyuma. Mzee wa watu akakesha akijaribu kukumbuka nani anadaiwa nini. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si uliniambia imehifadhiwa?" Swali hilo linaniuma hadi leo.

Nilidhani dawa ni kujikaza zaidi. Gazi imenifundisha vingine. Sikuwa na kipimo, na sikuwa na mvinje wangu: Ijumaa jioni nimechoka, na nilikuwa nategemea hamu. Siku hizi nakala inajiweka yenyewe saa nane usiku. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, nafungua moja kuhakikisha inafunguka, kisha naandika tarehe kwenye daftari la karatasi. Ni dakika tano tu. Nikiruka wiki, pengo linaonekana.

Haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Ukitazama vizuri ni mwendo uleule, kidogo kidogo kila siku. Fungua daftari lako uone umekuwa ukipanda au ukikata. Kama huna daftari, anzia hapo.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.