Nati Zilizoganda na Mafuta ya Breki: Historia ya Msamiati wa Gereji katika Nchi ya Pamba

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza fungu dogo la msamiati wa ufundi wa magari, yaani maneno yatumikayo wakati wa kufungua boliti na nati zilizoshika kutu katika breki za gari kuukuu. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa kurasa za istilahi. Lakini breki ni uhai wa watu, na neno moja lililotumiwa ovyo katika kitabu cha mafunzo laweza kuleta maafa barabarani. Kwa hiyo yafaa tujue maneno haya yametoka wapi, yamefanya kazi gani, na ni yapi kati yake yanayohitaji kurekebishwa.

Tumechagua nchi ya Bariadi kuwa mfano wetu. Mji huo ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Chuma hakikuwa kitu kigeni kwao. Zamani Warongo wa upande wa Geita, wafua chuma mashuhuri, walifua majembe yaliyouzwa mbali katika Usukuma na Unyamwezi. Lakini jembe la kale halikuhitaji boliti: mkia wake uliingizwa katika tundu la mpini, ukashikwa na ugumu wa mti wenyewe. Chuma kinachoshikana na chuma kwa kuzungushwa kililetwa na wageni, na majina yake yakaja pamoja nacho.

Majina hayo yalikuja kwa zamu. Neno la kale ni parafujo, tulilolipata kwa Wareno katika pwani. Neno gari asili yake ni Kihindi, na karakana ni neno la Kiajemi. Baadaye, magari ya moto yalipoenea wakati wa utawala wa Waingereza, yalikuja breki, boliti, nati, spana, jeki, grisi na gereji, yote yakiwa yametoholewa kutoka Kiingereza kwa kuongezewa irabu ili yakae vizuri katika kinywa cha Mswahili. Maneno haya hayakungoja kamati yo yote. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, dereva na utingo wake walikuwa wamekwisha kuyatumia kwa miaka mingi.

Katika nchi ya Bariadi kilichoyaeneza ni pamba. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, lakini pamba ya vijijini ilihitaji lori ili ifike kwenye viwanda vya kuchambulia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilimo hicho kilipanuka sana, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa viliungana chini ya shirikisho moja lililoongozwa na Paul Bomani. Palipo na malori pana mafundi, na palipo na mafundi pana lugha ya kazi.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi. Bei ya mafuta ikapanda. Fedha za kigeni zikaadimika. Vipuri vikawa kama dhahabu. Fundi wa wakati huo hakuweza kuikata nati ngumu kwa tindo na kutia mpya, kwa sababu mpya haikuwapo. Ilimlazimu aifungue ile ile ya zamani pasipo kuiharibu. Ndipo ufundi wa kulegeza ulipokuwa elimu ya kutegemewa, na maneno yake yakapata maana zilizopambanuka.

Hapa tunaona jambo la kuzingatiwa na kila mfasiri. Majina ya vitu yamekopwa, lakini vitenzi karibu vyote ni vyetu wenyewe: kukaza, kulegeza, kufungua, kung'oa, kugonga, kuganda. Tena vitenzi hivyo havina maana moja. Nati iliyokazwa imefungwa kwa nguvu za mkono. Nati iliyoshika kutu imeliwa na unyevu. Nati iliyoganda haizunguki hata ikivutwa kwa spana nzuri. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa hiyo huziba mianya ya hesi na kuzibana nyuso mbili pamoja. Tunapendekeza kuganda kiwe ndicho kitenzi sanifu cha hali hiyo ya mwisho, na hesi, neno lililomo katika kamusi za zamani kuhusiana na parafujo, litumike kwa ile mizunguko iliyochongwa katika boliti.

Utaratibu wa kazi wenyewe waweza kuelezwa kwa Kiswahili kitupu. Husugua kutu kwa brashi ya waya. Hutia mafuta mepesi yapenyayo na kuyaacha yafanye kazi kwa saa kadhaa. Hugonga kichwa cha boliti taratibu ili kutu ipasuke. Huchagua spana ya duara inayoshika pembe zote za nati. Hukaza kidogo kwanza, kisha hulegeza, na kurudia hivyo mpaka nati isalimu amri. Moto hutumika pia, maana chuma kikipata joto hutanuka, lakini haufai karibu na mipira na mabomba ya breki.

Matatizo mawili ya istilahi yanajitokeza. La kwanza ni lile la mkono wa kushoto. Vitabu vingi vya mafunzo huandika “zungusha kushoto” kwa maana ya kulegeza. Lakini malori mengi ya zamani yaliyotengenezwa Uingereza yalikuwa na nati za magurudumu ya upande wa kushoto zenye hesi iliyogeuzwa. Mwanafunzi akifuata kitabu neno kwa neno, atakuwa anakaza, naye ataongeza nguvu hata boliti ikatike. Mwandishi na aandike “legeza”, kisha aeleze upande unaohusika.

La pili ndilo zito zaidi, nalo ni neno mafuta. Kwa neno hilo moja twataja mafuta ya taa, mafuta ya injini, dizeli, mafuta ya kupikia, na pia mafuta ya breki. Hayo ya mwisho, katika magari mengi, si mafuta hata kidogo: ni kimiminika cha jamii ya glikoli. Mafuta ya taa au ya injini yakiingia katika silinda ya breki huivimbisha mipira iliyomo ndani, na breki hung'ang'ania au hukosa nguvu kabisa. Basi fundi mchanga ambaye dakika chache zilizopita ameambiwa atie mafuta kwenye nati iliyoganda, kisha akaambiwa aongeze mafuta ya breki, ana haki ya kudhani kwamba chupa ni ile ile. Hapo kosa ni la lugha kabla halijawa la mkono wake.

Tunapendekeza vitabu na miongozo iandike “kimiminika cha breki”, na mara ya kwanza iongeze maelezo kwamba ndicho kiitwacho mafuta ya breki katika gereji. “Maji ya breki” hayafai, kwa kuwa maji ni adui wa kimiminika hicho, ambacho hufyonza unyevu hewani na kuharibika.

Isidhaniwe kwamba gereji ndiyo yenye makosa siku zote. Usemi wa mafundi “kutoa upepo” katika breki ni bora kuliko tafsiri yo yote ya neno kwa neno ambayo ingezungumzia kutoa damu. Unaeleza sababu yenyewe: hewa hugandamizika na kimiminika hakigandamiziki kwa urahisi, kwa hiyo palipo na upepo kanyagio huzama bure.

Kanuni yetu ya kuunda istilahi hutaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe. Kwa mfasiri wa vitabu vya ufundi, kuanza ndani ya Kiswahili maana yake ni kwenda kwanza kwa fundi, kusikiliza asemavyo, kukubali yaliyo mazuri, na kurekebisha yale tu yanayoweza kumdhuru mtu.