Soka katika elimu ya VVU kwa vijana

Soka katika elimu ya VVU ni mbinu ya kuwafundisha vijana kujikinga na virusi vya UKIMWI, na kuwafikisha kwenye vipimo, kwa njia ya mazoezi ya mpira, makocha na mashindano. Katika Afrika Mashariki ilianza mapema, huko Mathare, Nairobi, katika miaka ya 1990. Muundo wake unaojulikana zaidi ulitengenezwa Bulawayo, Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika na nje ya bara hilo.

Isichanganywe na kampeni za mabango. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini, shirika la UNAIDS liliwaomba manahodha wa timu za taifa waunge mkono wito wa kuuonyesha UKIMWI kadi nyekundu, na baadhi yao wakaitikia. Wito wa namna hiyo huonekana na mamilioni kwa siku chache, kisha mashindano yakiisha nao huisha. Mbinu inayoelezwa hapa huenda polepole: kikundi kimoja cha vijana, kocha yuleyule, uwanja uleule, kwa wiki kadhaa.

Klabu ya Highlanders ya Bulawayo, iliyoanzishwa mwaka 1926 na ambayo mashabiki wake huiita Bosso, iliwahi kufundishwa katika miaka ya 1980 na Bobby Clark, golikipa wa zamani wa Aberdeen na wa timu ya taifa ya Scotland. Mwanawe, Tommy, aliishi Bulawayo akiwa kijana, na miaka ya 1990 akarudi kuichezea klabu hiyohiyo. Hicho ndicho kipindi ambacho zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Zimbabwe alikuwa akiishi na VVU. Wachezaji waliugua, wakakonda, wakazikwa, na chanzo hakikutajwa. Kimya hicho hakikuwa cha Zimbabwe peke yake. Dar es Salaam ya miaka hiyo mgonjwa alisemwa kuwa amekanyaga miwaya, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tommy Clark alisomea udaktari wa watoto Marekani, na mwaka 2002 akaanzisha shirika la Grassroot Soccer pamoja na wanasoka wenzake watatu: Methembe Ndlovu, Kirk Friedrich na Ethan Zohn. Ndlovu ni mzaliwa wa Zimbabwe aliyeichezea Highlanders na timu ya taifa. Zohn alikuwa golikipa aliyewahi kucheza soka Zimbabwe, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameshinda dola milioni 1 katika shindano la televisheni la Survivor, awamu iliyopigwa picha kwenye hifadhi ya Shaba nchini Kenya. Sehemu ya fedha hizo iliingia katika kuanzisha shirika. Ni mara chache fedha za burudani ya televisheni zimepata kazi ya maana kiasi hicho.

Walimu wa kwanza walikuwa wachezaji wa kulipwa, waliopelekwa kwa wanafunzi wa darasa la saba mjini Bulawayo. Hoja ilikuwa nyepesi: mtoto anayeweza kutaja kikosi kizima cha Bosso bila kukosea atamsikiliza beki wa Bosso kuliko atakavyosikiliza tangazo la wizara. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2006 ilionyesha kwamba baada ya mafunzo wanafunzi walijua zaidi kuhusu kinga, mitazamo yao ilibadilika, na waliweza kutaja watu wa kuwaendea wakipata shida.

Mazoezi yenyewe ndiyo moyo wa mbinu hii. Katika mojawapo, timu mbili husimama zikitazamana, bega kwa bega, mikono nyuma. Timu moja hupitishiana mpira wa tenisi migongoni, na timu ya pili hubahatisha ni nani aliyeushika. Vijana hujifanya wameushika, wengine hukaza uso, kelele zinapanda. Baada ya raundi kadhaa kocha husema kwamba mpira ule ni VVU, kisha huuliza: mliwezaje kumtambua aliyekuwa nao kwa kumtazama? Hawakuweza. Hapo hoja ya kupima huwa imeshajieleza, kabla kocha hajataja kliniki.

Zoezi lingine hupangwa kwa koni. Kila koni ni hatari iliyopewa jina: wapenzi wengi kwa wakati mmoja, ngono bila kondomu, mpenzi aliyekuzidi sana umri, pombe. Kijana hupiga chenga katikati ya koni hizo akiwa na mpira mguuni, na akigusa koni hupiga pushapu. Raundi ya pili, mmoja akigusa koni, timu yake nzima hupiga pushapu. Raundi ya tatu, wote waliopo uwanjani hushuka chini, hata wapinzani. Watoto hulalamika kwamba si haki, na kocha anangoja malalamiko hayo. Anawauliza ni nani nyumbani hubeba mzigo mtu mmoja akiugua, nani huacha shule amuuguze, nani huuza mbuzi.

Lipo pia zoezi la kueleza kazi ya dawa. Mtoto mmoja ni mwili, mwingine ni kinga inayomkinga dhidi ya mipira inayorushwa, kila mpira ukiwa ni maradhi kama kifua kikuu au homa ya mapafu. VVU vinapoingia, kinga hufungwa mikono na mipira huanza kumpata mwili. Dawa za kufubaza virusi zikija, mikono hufunguliwa. Somo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa tatu huisha kwa dakika chache, na kwa kuwa watoto wamelicheza, hulikumbuka.

Nadharia iliyo nyuma ya haya ni ya mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeonyesha kwamba watu hujifunza tabia kwa kuwatazama wengine wanaowaona kuwa kama wao, na kwamba kujiamini kuwa jambo linawezekana ni nusu ya kulitenda. Nadharia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini baadaye Grassroot Soccer iliwapunguza mastaa na kutegemea vijana wa mtaani. Mchezaji maarufu huja mara moja, hupiga picha, huondoka. Kocha wa miaka 22 anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mtoto anakutana naye dukani kesho yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote juu ya nafasi ya kocha ulitoka Bulawayo kwenyewe, na haukuhusu kondomu bali tohara. Majaribio matatu ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalikuwa yameonyesha kwamba tohara ya kitabibu hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Tatizo lilikuwa kuwapata wanaume wakubali kisu. Grassroot Soccer ilitengeneza kipindi cha dakika 60 kinachoongozwa na kocha ambaye mwenyewe ametahiriwa, akisimulia bila kuficha aliogopa nini, aliumwa kiasi gani na alipona lini. Baada ya kipindi, kocha aliwapigia simu vijana, na waliotaka aliwasindikiza kliniki. Katika utafiti uliofanywa kwenye shule 26 za sekondari, takriban asilimia 12 ya wavulana waliopata kipindi walitahiriwa, dhidi ya chini ya asilimia 5 ya wasiokipata. Namba hizo si za kushangilia sana, ila tofauti yake ni kubwa kwa saa moja ya mazungumzo. Kinachoonekana kufanya kazi zaidi ya mpira wenyewe ni simu ya kocha na kusindikizwa hadi mlangoni.

Afrika Mashariki haikuwa ikisubiri Bulawayo. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akiishi Nairobi, kwa mpango wa kubadilishana: watoto wapate ligi, mtaa upate usafi, na timu inayozoa taka ijipatie pointi katika msimamo wa ligi. Elimu ya UKIMWI iliongezwa mwaka 1994, vijana waliofunzwa wakiwafundisha wenzao wa ligi hiyohiyo. Mwaka huohuo ikazaliwa timu ya wakubwa, Mathare United, iliyokuja kuwa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Mtoto wa Mathare aliyefundishwa kuhusu VVU na mchezaji wa timu hiyo alikuwa akifundishwa na mtu aliyewahi kuzoa taka kwenye uchochoro wake.

Dar es Salaam kulikuwa na EMIMA, yaani Elimu, Michezo na Mazoezi, iliyowatumia vijana kama makocha rika. Mpango huo ulichunguzwa na Cyprian Maro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na watafiti wa Norway. Walilinganisha watoto wa umri wa miaka 12 hadi 15 waliofundishwa na makocha rika na wengine waliotegemea somo la kawaida la shuleni, na utafiti uliotoka mwaka 2009 ukaonyesha kwamba wa uwanjani waliwashinda wa darasani katika maarifa na nia ya kujikinga. Zambia nako, shirika la EduSport la Lusaka lilikuwa miongoni mwa waasisi wa mtandao wa Kicking AIDS Out, uliounganisha mashirika ya namna hii kwa msaada wa Norway.

Kwenye vipimo, soka hutatua tatizo ambalo daktari hawezi kulitatua akiwa ofisini. Kijana anayeingia kituo cha afya peke yake siku ya Jumanne anaonekana na shangazi, jirani na mwalimu. Kwenye bonanza la Jumamosi, hema la ushauri nasaha liko kando ya uwanja, watu mia kadhaa wanapita, na kuingia humo si habari. Kipimo cha haraka hutoa majibu kwa dakika 20 hivi, muda wa kutosha kurudi kipindi cha pili kikiendelea. Shirika la Kick4Life la Lesotho, lililoanzishwa mwaka 2005 na ndugu wawili, Steve na Pete Fleming, limeijenga kazi yake juu ya mashindano ya namna hii, katika nchi ambako takriban mtu mzima mmoja kati ya watano anaishi na VVU.

Lakini wingi huo una hatari zake. Timu nzima ikipanga foleni, asiyetaka kupima anajulikana. Anayetoka hemani akilia anajulikana zaidi. Ndiyo maana washauri wazoefu huweka mlango wa kuingilia na wa kutokea mbalimbali, huongea na kila mtu kwa muda uleule bila kujali majibu, na hukataa ombi la makocha la kutangaza timu iliyopima yote. Kanuni za Shirika la Afya Duniani hudai ridhaa, usiri, ushauri nasaha, majibu sahihi na kuunganishwa na huduma, na la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi hema likishakunjwa. Kijana huelezwa pia kwamba maambukizi ya wiki chache zilizopita yanaweza yasionekane, kwa hiyo arudie baada ya miezi 3.

Sheria nazo hutofautiana. Afrika Kusini humruhusu mtoto wa miaka 12 kuridhia kipimo mwenyewe, Zimbabwe miaka 16. Tanzania ilishusha umri huo kutoka 18 hadi 15 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, ambayo pia yaliruhusu mtu kujipima. Mwandalizi wa bonanza la chini ya miaka 15 jijini Mwanza kwa hiyo anahitaji saini za wazazi kabla ya kuita wapimaji, na wazazi wengi huuliza kwanza kama mtoto wao ameshukiwa.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuta kwamba programu za michezo huongeza maarifa, hupunguza unyanyapaa na huwapa vijana ujasiri wa kusema hapana au kudai kondomu. Kuhusu kama hupunguza maambukizi yenyewe, ushahidi ulikuwa mwembamba. Mashabiki wa mbinu hii hupenda kuiruka sentensi hiyo ya pili. Mtoto anayejibu maswali yote kumi sawasawa bado anaweza kurudi nyumbani kusiko na ada ya shule, na jirani mwenye gari akajitolea kuilipa.

Hapo ndipo suala la wasichana linapoingia, na ndilo gumu kuliko yote. Kusini mwa Sahara, wasichana na wanawake vijana huambukizwa mara tatu hivi ya wavulana wa umri wao, ilhali uwanja wa mpira kwa desturi ni wa wavulana. Kilifi, katika pwani ya Kenya, shirika la Moving the Goalposts limefanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ligi za wasichana, wao wenyewe wakiwa makocha, waamuzi na viongozi, na afya ya uzazi ikifundishwa sambamba na mpira. Kabla ya kuchora mistari ya uwanja ilibidi kuzungumza na wazazi: nani atachota maji, binti atarudi saa ngapi, nani yuko naye. Kocha mwanamume anayeshika orodha ya kikosi, nauli na sifa ana uwezo mkubwa juu ya binti wa miaka 14, na programu isiyo na utaratibu wa kupokea malalamiko dhidi ya makocha wake inaweza kuzalisha hatari ileile iliyoandikwa kwenye koni.

Fedha nyingi za kazi hii zimetoka nje, hasa kupitia PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, mashirika yaliyowalipa makocha posho kwa fedha hizo yaliyumba. Wakati huohuo yaliyomo katika mafunzo yanabadilika. Jaribio la PURPOSE 1, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, lilionyesha mwaka 2024 kwamba kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa kinga. Makocha waliofunzwa kuzungumzia kondomu, uaminifu na tohara sasa wanaulizwa na wachezaji wao kuhusu sindano ambayo zahanati ya mtaa huenda bado haijaipokea.