Daftari, Ufunguo na Dhamana: Siri za Biashara Katika Mwambao wa Ziwa Nyanza

Walioandika habari za Mwanza wameshughulika sana na pamba, dhahabu, samaki, meli na reli, mambo ambayo kwa hakika ndiyo yaliyoujenga mji huu ulioegemea miamba; walakini liko jambo moja ambalo, kwa kuwa tabia yake ni kufichwa, halikumpata mwandishi wake, nalo ni namna wafanyabiashara wa mwambao huu walivyozihifadhi hati zao za siri, yaani mikataba, hesabu za faida, bei za kununulia, majina ya wadaiwa na ahadi walizoandikiana. Naona jambo hili lastahili kuelezwa kwa kituo, hasa wakati huu ambapo kampuni nyingi zinashawishiwa kukabidhi nyaraka zao zote kwa mashine za watu wasiowafahamu, zilizowekwa katika nchi ambazo mwenye mali hatazifikia maishani mwake, na ambapo baadhi yao, baada ya kutafakari, wamechagua kuziweka chini ya paa lao wenyewe.

Tuanze na zama za misafara. Mwezi Machi 1875, Henry Morton Stanley alipoishusha mashua yake Lady Alice majini huko Kageyi, mashariki ya Mwanza ya leo, alimkuta Sungoro, Mwarabu aliyekuwa amekwisha kukaa pale akifanya biashara. Watu wa namna yake walifika Ziwani kwa rasilimali ambayo aghalabu haikuwa yao: vitambaa, shanga, waya na baruti walivitwaa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na wa mbele miongoni mwa matajiri hao alikuwa Taria Topan. Mali ilisafiri miezi mingi juu ya mabega ya wapagazi, ikavuka Ugogo na Unyamwezi, ikanyeshewa, ikaibiwa, ikatozwa hongo. Bali hati ya deni ilibaki Unguja, imetiwa sahihi mbele ya mashahidi, ndani ya kasha la aliyekopesha. Hapo twaona kanuni ya kwanza ya uhifadhi, nayo ni kwamba mahali pa hati si lazima pawe mahali pa mali, na kwamba mwenye kushika hati ndiye mwenye kumshika mwenzake. Mkopaji aliyekuwa Kageyi hakuwa na njia ya kulitazama deni lake. Alilibeba kichwani, akiamini kwamba aliyeliandika hatalizidisha.

Wajerumani walipojenga boma lao Mwanza mwaka 1892, na hasa baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901 na meli kuanza kuzunguka Ziwa, maduka ya Wahindi yaliongezeka upesi. Alidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo katika biashara ya Sewa Haji, na ambaye maduka yake yalitoka pwani yakaenea mpaka kandokando ya Nyanza, alikuwa mkubwa wao hata kufa kwake mwaka 1916. Mtu mwenye maduka yaliyo mbali hivyo hawezi kuyalinda kwa macho. Ulinzi wake ulikuwa daftari, na karani aliyeaminiwa kulishika.

Daftari lenyewe lilikuwa refu na jembamba, limevishwa kitambaa chekundu na kufungwa kwa uzi, karatasi zake zikikunjwa mistari badala ya kupigwa rula, na karani alikaa juu ya godoro, miguu amekunja, akiandika kwa Kigujarati juu ya kijimeza kifupi kilichofika magotini. Miongoni mwa Wahindu daftari jipya halikufunguliwa ovyo ovyo: lilingojewa Diwali, likaombewa dua, na ukurasa wake wa kwanza ukaandikwa maneno ya baraka kabla ya senti moja kuingizwa. Usiku lilirudishwa ndani, upande wa nyumba walikolala wenye mali, maana duka na nyumba vilikuwa chini ya paa moja. Hapo palikuwa na hifadhi tatu kwa pamoja, yaani lugha ambayo mpita njia hakuisoma, mlango ambao mgeni hakuuingia, na heshima ya dini iliyomfanya karani aogope kuzichafua kurasa zile kwa khiyana.

Serikali ya Kiingereza, iliyoshika nafasi ya Wajerumani, haikupendezwa na ile hifadhi ya kwanza, yaani lugha. Mwaka 1923, wakati wa Gavana Sir Horace Byatt, zilitungwa sheria za leseni za biashara na kodi ya faida, na ndani yake mlikuwa na sharti kwamba hesabu ziandikwe kwa namna ambayo maofisa wangeweza kuisoma, sharti lililoyatupa nje madaftari ya Kigujarati. Wahindi wa Tanganyika walifunga maduka yao zaidi ya mwezi mmoja kwa kulipinga. Ni rahisi kusema kwamba walikataa kodi tu, na bila shaka kodi ilikuwamo. Lakini mimi nawasadiki pia waliolalamika kwamba mwenye duka dogo, asiye na uwezo wa kuajiri karani wa Kiingereza, alikuwa anaamriwa kuiweka siri ya nyumba yake mikononi mwa mtu baki ili apate kuendelea kuuza chumvi na kaniki. Dola ina haki ya kodi yake. Haki hiyo haifiki kwenye kumnyima mtu uwezo wa kuzisoma hesabu zake mwenyewe.

Simu ya waya ilileta hadhari nyingine. Kwa kuwa kila neno lililipiwa na kila neno lilipita chini ya macho ya karani wa posta, nyumba kubwa za biashara ulimwenguni zilitumia vitabu vya maneno ya fumbo, ambamo neno moja lisilo na maana lilisimama badala ya sentensi nzima kuhusu bei, marobota au shehena. Mwenye kitabu kile kile upande wa pili ndiye aliyefumbua. Sefu za chuma zilisafirishwa kwa meli na, baada ya mwaka 1928, kwa reli iliyotoka Tabora. Mabenki yalipofungua matawi, mwenye hati nzito aliweza kuiweka huko kama amana. Na adui wa siku zote, mkubwa kuliko mwizi, alikuwa mchwa.

Nimesema mpaka hapa kana kwamba siri ya biashara ni jambo jema tupu. Wakulima wa Usukuma wasingekubaliana nami. Kwa miaka mingi waliipeleka pamba yao kwa wanunuzi wa vinu, wakaona mkono wa mzani ukitikisika, wakaambiwa ratili kadhaa, wakalipwa, na daftari likafungwa. Kilichoandikwa mle hawakukijua wala hawakuwa na ruhusa ya kukijua. Na ilipoingia shuku kwamba mizani ilichezewa, shuku ile haikuwa na pa kuthibitishiwa, kwa sababu ushahidi wote ulikuwa mikononi mwa mshitakiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, wapime upya kabla pamba haijafika kwa mnunuzi. Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, aliwakusanya katika chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952. Na mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kabla ya uhuru lilikwisha kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa wa Waafrika barani.

Yafaa kulitazama kwa karibu lile lililobadilika. Katika chama cha msingi, chini ya paa la bati, karani wa ununuzi alipima gunia mbele ya mwenyewe, akaandika stakabadhi yenye karatasi ya kaboni chini yake. Nakala ya juu mkulima aliitia mfukoni, nakala ya chini ikabaki kitabuni. Toka hapo daftari la mnunuzi halikuwa tena neno la pekee, maana nusu ya hesabu ililala vijijini, katika vibweta na mitungi ya maelfu ya nyumba, na hapana karani aliyeweza kuifuta yote. Kitabu cha chama nacho, kwa mujibu wa sheria ya ushirika ya mwaka 1932, kilikuwa wazi kwa Mrajis na wakaguzi wake. Katika mambo yote niliyoyapekua kuhusu uhifadhi wa hati katika nchi hii, sijaona fikra iliyo bora kuliko ile karatasi ya kaboni.

Lakini ushirika ulikua, ukanunua vinu, ukaajiri makarani kwa mamia, na kadiri ofisi ilivyopanda juu ndivyo mkulima alivyozidi kuwa mbali na vitabu. Tume ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 iliona upungufu mwingi katika usimamizi na uaminifu, na Shirikisho likatiwa chini ya mkono wa serikali, kisha likawa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, na mtu aliyeweka amana yake kwa kampuni ya London akaamka akimkuta mtunzaji mwingine. Mwaka 1976 vyama vikuu vyenyewe vilivunjwa, Nyanza kikiwa kimojawapo, hata viliporudishwa baada ya sheria ya 1982. Sisemi haya kuwalaumu waliotenda, kwani kila tendo lilikuwa na hoja zake. Nasema tu kwamba katika kizazi kimoja mwenye hati pale Mwanza alibadilishiwa mtunzaji mara kadhaa, na kila mara bila ya kuulizwa.

Viwanda vya minofu ya sangara, vilivyostawi katika miaka ya 1990, vilifundishwa somo lao kutoka nje. Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa hili mwaka 1997 na tena mwaka 1999, kwanza kwa hofu ya vijidudu, kisha kwa habari za sumu kutumika katika uvuvi, viwanda vililazimika kuonyesha kwa maandishi samaki alitoka mwalo gani, alikaa kwenye barafu kiasi gani, na maabara ilisema nini. Kumbukumbu hizo zilipaswa kuwa wazi kwa mkaguzi. Bei aliyolipwa wakala wa Ukerewe na bei aliyoahidi mnunuzi wa ng'ambo zilipaswa kufungiwa. Kampuni iliyochanganya majalada hayo mawili ilipata taabu kila mkaguzi alipobisha hodi, na kampuni iliyoyatenga tangu mwanzo ilifungua mlango bila wasiwasi.

Utengano huo ndio unaowafaa wanaouliza leo kama nyaraka zao ziende katika hifadhi za mtandaoni za kampuni za ng'ambo, au zikae katika seva yao wenyewe. Nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukasambaa mpaka mikoani, safari ya waraka kwenda ng'ambo ikawa kufumba na kufumbua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi, na sheria ya kodi yamtaka mfanyabiashara azitunze kumbukumbu zake muda wa miaka mitano. Wala hakuna katika hayo mawili linalomlazimisha kumkabidhi mgeni siri za bei zake. Anayechagua seva yake mwenyewe ajue amejitwika kazi ya karani wa zamani: chumba chenye kufuli na hewa baridi, nyaraka zilizosimbwa ili mwizi wa mashine asipate kitu, watu wawili na si mmoja wenye nywila, na orodha ya walioingia. Tena, kwa kuwa bonde la Nyanza ni miongoni mwa sehemu za dunia zipigwazo mno na radi, na umeme hurudi kwa kishindo baada ya kukatika, nakala ya pili isikae katika jengo lile lile la mjini, bali ipelekwe kila juma mahali pengine, Misungwi au Magu, kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa na sahihi yake imechukuliwa.