Ukungu wa ukutani: kikohozi cha zamani katika mji wa Lubumbashi

Masika inapoingia Lubumbashi, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu, madoa meusi na ya kijani hutokea kwenye kona za nyumba, nyuma ya kabati na chini ya magodoro. Wengi hupaka chokaa juu yake, basi. Lakini nyumba zenye unyevu na watu waliobanana ni tatizo la tangu mji uanze.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Mwaka 1911 tanuru ya shaba ya Union Minière ilianza kazi. Wanaume waliletwa kutoka mbali, wakalazwa wengi pamoja katika vibanda vya kambi. Nimonia, kuhara na kifua kikuu viliua watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: iliruhusu wake na watoto kuja, ikaongeza chakula na matibabu, ikajenga nyumba za matofali. Vifo vilipungua sana. Haikuwa huruma tupu. Mfanyakazi aliyekufa alikuwa hasara. Hata hivyo, ilionekana wazi kwamba dawa peke yake haitoshi kama mtu analala pabaya.

Mwaka 1961, wakati wa vita vya Katanga kujitenga, Baluba makumi ya maelfu walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembeni ya mji. Walipitisha masika katika vibanda vya kujiokotea. Hata leo wahami wa vita wanaijua hali hiyo: familia mbili katika chumba kimoja, paa linavuja, dirisha limezibwa.

Ukungu hula unyevu. Pumzi za watu wengi, mvuke wa chungu na nguo mbichi zinazoanikwa ndani huloanisha ukuta kama mvua inavyofanya. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupata zaidi kikohozi, kupumua kwa shida na pumu. Watoto huumia zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kupaka rangi, tafuta maji yanakotoka. Ziba bati, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Fungua dirisha kila siku, hata kwa saa moja. Sogeza kitanda mbali na ukuta, toa magodoro juani. Sugua madoa kwa maji na sabuni, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa, kisha kausha. Ukitumia javel, usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana moshi wake ni sumu. Na usikaushe chumba kwa mbabula ya makala mlango ukiwa umefungwa: hewa yake huua watu usingizini.

Ukungu hauleti kifua kikuu, lakini mbanano na ukosefu wa hewa hukisaidia kuenea. Mwenye kikohozi kinachopita wiki mbili aende kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu nchini Kongo hutolewa bure.

Aliyepokea ndugu waliokimbia vita amefanya jambo kubwa. Dirisha lililo wazi litawalinda wote, mwenyeji na mgeni.