Rwanda: Familia za hiari na afya ya akili ya wanawake manusura

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, yaliyoanza tarehe 7 Aprili 1994 na kudumu takriban siku 100, yalifuta koo nzima. Wanawake wengi waliosalimika walibaki bila mume, bila wazazi, bila shangazi wa kuwashauri wala kaka wa kuwasemea. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa wanawake kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa. Madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa haba mno. Katika hali hiyo manusura walianza kuunda familia mpya, zisizotokana na damu bali na makubaliano, na baadhi ya familia hizo zingali hai hadi leo.

Wajane waliotangulia

Mwezi Januari 1995, wajane 50 waliunda chama cha AVEGA-Agahozo. Neno «agahozo» katika Kinyarwanda hubeba maana ya kuliwaza na kufuta machozi. Wanawake hao walianza kwa kukutana na kusimuliana yaliyowapata, mambo ambayo mengi yasingeweza kutamkwa mbele ya majirani. Baadaye chama kilianzisha huduma za ushauri nasaha, zahanati na matibabu kwa walioambukizwa virusi vya UKIMWI kutokana na ubakaji.

Baba na mama wa kuchaguliwa

Mwaka 1996, wanafunzi 12 wa Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare, ambao leo huitwa Huye, walianzisha AERG, chama cha wanafunzi manusura. Ndani yake waliunda familia ndogo ndogo. Kila familia ina jina lake, nayo humchagua mmoja kuwa baba na mwingine kuwa mama, ingawa pengine wazazi hao wamewazidi «watoto» wao mwaka mmoja au miwili tu. Wanaohitimu waliendeleza udugu huo kupitia GAERG, iliyoundwa mwaka 2003.

Vyeo hivyo si mzaha, kwani vina wajibu wake. Mama huuliza nani hajala, nani ameacha kuhudhuria masomo, nani amejifungia chumbani. Msichana anapoposwa, mila ya Kinyarwanda hudai wazee wa upande wake waketi, waulizwe na wajibu, kisha wapokee mahari. Yatima asiye na mtu hufedheheka siku hiyo; mwenye familia ya hiari husimamiwa nayo, na akijifungua hutembelewa kama mwana wa watu.

Aprili, mwezi mgumu

Wanyarwanda hutumia neno «ihahamuka» kueleza kiwewe kinachomrudisha mtu katika siku zile, akipiga kelele, akikimbia au kuishiwa pumzi. Hali hiyo huongezeka kila Aprili wakati wa kumbukumbu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 27.9 ya manusura walikuwa na maradhi ya kiwewe, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya wananchi kwa jumla. Kwa sonona, viwango vilikuwa asilimia 35 na 12.

Hapo ndipo familia ya hiari hufaa zaidi. Anayemjua mwenzake hutambua dalili mapema: ukimya usio wa kawaida, usiku bila usingizi, chakula kurudi mezani bila kuguswa. Humketisha mahali tulivu, hamshurutishi kusema, wala hamwachi peke yake. Mgonjwa naye hahitaji kueleza chanzo cha maumivu yake, maana anayemshika mkono ameyapitia.

Vikongwe waliopoteza watoto wote

Kwa wazee wasiobakiza mtoto hata mmoja, wengi wao wanawake, zilijengwa nyumba za pamoja ziitwazo Impinganzima, zikiwemo za Huye, Bugesera na Rusizi. Wakazi wake huitwa Intwaza. Huishi pamoja, hupata matibabu, na vijana huwatembelea kama wajukuu.

Mipaka yake

Familia ya hiari haichukui nafasi ya hospitali. Mama anayebeba huzuni za watu kumi huweza kuzidiwa, kwa kuwa naye ni majeruhi. Masomo yakiisha, wanafamilia hutawanyika. Tena yako majeraha yanayohitaji dawa na mtaalamu. Anayekosa usingizi kwa majuma, anayesikia sauti au anayetaja kujiua apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na ni vyema asiende peke yake.

Waswahili husema undugu ni kufaana, si kufanana. Nchini Rwanda, kufaana huko kuna sura ya mambo madogo: mtu wa kukusindikiza kliniki, wa kupokea mahari yako, na wa kuketi kando yako Aprili inapowadia.