Kushuka

Hapa Katandala, mjini Sumbawanga, mtu akiaga kwamba anashuka, usidhani umejua aendako. Muulize: "Unashuka wapi, baba?" Atajibu "Bondeni", yaani Muze au Mtowisa, upande wa Ziwa Rukwa, au atajibu "Kasanga", na hapo ujue anaelekea Ziwa Tanganyika. Mmoja anakwenda mashariki, mwingine magharibi, na wote wanashuka. Uwanda wa Ufipa tulipo uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu. Kitenzi kimebeba ramani nzima.

Sweta nalo lina habari yake. Asubuhi abiria wa Muze hupanda gari amejifunga mpaka shingoni. Zikianza kona za mteremko, analivua na kulikunja magotini. Anayepanda kutoka Kasanga na tenga la migebuka hulitafuta sweta lake kabla hajafika Matai.

Shuleni tulifundishwa nchi kwa orodha ya majiji: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, na tangu 2018 Dodoma. Sumbawanga ni manispaa, haimo. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ila mtoto wa hapa akiandika "nilishuka bondeni kwa bibi", mwalimu asimkatie kalamu nyekundu akaweka "nilienda". "Nilienda" ni sahihi, lakini halina mteremko ndani yake, wala joto linalokupokea chini.